Taa ya Tairi Iliyokataa Kuzimika

Kama wewe ni mtu wa kucheka mambo haya, cheka sasa umalize, ndipo tuendelee. Haya hayakumpata jirani ya rafiki yangu wala binamu ya mtu wa kanisani. Yalinipata mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na magunia ya watu kwenye gari. Na gari lenyewe liko hapo nje ya dirisha langu, Migosi. Ukitaka njoo uliguse.

Nikuambie kidogo ujue ni nani anayesema. Mimi ni mwanamke wa kutoka Nyeri, na nimekaa Kisumu hadi watoto wangu wananisahihisha Kidholuo. Ninauza chakula cha kuku. Wateja wangu walipokuwa wakianza habari za ziwa na watu wanaoonekana mara wasionekane, nilikuwa nawaambia wachukue magunia yao waende, kuku hawali hadithi. Ulimi wangu ni mkali, najua. Siku hizi naufunga mapema.

Gari nililinunua kwa dalali hapa mjini. Ni lile la aina ya viti vitano na nafasi kubwa nyuma, la kazi, lililotumika. Nilimuuliza dalali mwenyewe yuko wapi, akaniambia amesafiri. Nikaridhika. Wewe usingeridhika? Watu husafiri kila siku. Gari lilikuwa safi, viti havijachanika, na injini yake ilikuwa na mngurumo wake wa peke yake, mzito, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuomba. Kasoro ilikuwa moja tu, ile taa ya njano mbele ya dereva, yenye picha ya tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Taa ya upepo. Ilikuwa imewaka nilipolichukua, na ikaendelea kuwaka.

Nikafikiri ni kitu cha dakika tano. Nikampelekea kijana wa pancha kule Manyatta, akapima matairi yote manne na lile la akiba.

"Mama, hizi tairi ziko sawa," akasema. "Hakuna hata moja inavuja."

"Basi taa inawaka kwa nini?"

"Hiyo uliza fundi wa stima."

Nikaanza safari ya mafundi. Nikaambiwa nipime upepo asubuhi kabla gari halijapata joto, nikapima. Nikaambiwa nifuate vipimo vilivyoandikwa kwenye ubavu wa mlango wa dereva badala ya kujaza kwa kukisia, nikafuata. Kuna kibatani chini ya usukani, unakishikilia mpaka taa ipepese, kisha unaendesha kwa mwendo mmoja gari lijifunze upya. Nilikishikilia mpaka kidole kikafa ganzi. Nikaendesha hadi Ahero na kurudi. Taa ilizima kidogo, nikamshukuru Mungu, na kabla sijafika Nyamasaria ikawa imerudi. Tukatoa betri usiku kucha. Tukabadilisha matairi yote yawe ya saizi moja na ya aina moja. Fundi mwingine akachomeka mashine yake, mashine ikasema gari halina kosa lolote.

Mwishowe nilimpata Were, fundi mtulivu asiyependa kubahatisha. Alilala chini ya gari langu karibu nusu siku, akatoka akifuta mikono.

"Mama, gari zingine ziko na sensa ndani ya kila tairi. Hii yako haina," akaniambia. "Hii inasikiza tu vile tairi zinazunguka. Moja ikipungua upepo inakuwa ndogo, inazunguka mbio kuliko zingine, gari inajua. Ukibonyeza hiyo batani ni kama unaiambia, shika hivi ulivyo sasa, hivi ndio sawa. Inakariri."

"Na mbona hili langu halikariri?"

"Ilikariri kitambo. Kuna vile ilikuwa, na imekataa kuachilia." Akacheka. "Wacha niweke selotepu nyeusi hapo juu, usiione tena."

Nilimkatalia, na kwa ukali. Mimi napandisha magunia hadi Sondu na kushuka, na siku tairi litakapopungua kweli nitajuaje? Nikanunua kipimo changu mwenyewe, nikawa napima kila asubuhi huku majirani wakinitazama. Taa nikaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Sasa sikiliza vizuri.

Siku hiyo nilikuwa nimeshusha chakula kwa mteja mmoja karibu na Dunga, ufukweni, na magunia mengine yalikuwa ya Sondu. Jua lilikuwa bado juu. Nilipotaka kupanga mzigo upya, mlango wa nyuma ukakwama, kama kawaida yake. Huwa unakwama mpaka utukanwe. Nikiwa hapo nauvuta, mwanamume mmoja akaja kutoka upande wa maji, mtu mkubwa, mpole wa uso, suruali imekunjwa hadi chini ya magoti. Akaupiga mlango kwa kiwiko, pale chini ya kioo, na ukafunguka.

"Asante Baba," nikamwambia. "Umenifunza kitu."

"Unaelekea Sondu, Mama?"

Niamini, mimi sibebi watu nisiowajua. Lakini alikuwa amenisaidia, na kulikuwa na watu wengi hapo wakipara samaki, nikaona aibu kusema hapana. Akaingia mbele. Akasukuma kiti nyuma bila kukitafuta kishikio, akafunga mkanda, akatulia. Sikuona ajabu. Unajua baadaye mtu hukumbuka kila kitu, lakini kwa wakati wake alikuwa abiria tu.

Tulipotoka mjini nikatazama mbele yangu kuona mafuta, na nikahisi kuna kitu kimepungua machoni. Taa haikuwapo.

"Imezima," nikasema kwa sauti.

"Nini?"

"Taa ya tairi. Imenitesa tangu ninunue hili gari."

Akaitazama sehemu ile kwa muda mrefu, kichwa kimeinama. "Hii gari haikuwa na shida," akasema.

Nikajua ni wale wanaume ambao kila gari wanalijua. Sikujali. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, nikimweleza juu ya Were na kibatani na selotepu, naye akiitikia polepole. Ahero nikasimama nikanunua njugu, nikamwekea kiganja kizima.

"Asante Mama. Mimi nimeshiba," akasema, akazirudisha kwenye karatasi, moja moja.

Baada ya Katito barabara inaanza kupanda, na hapo ndipo alipoanza kuzungumza mwenyewe.

"Kuna kanisa ndogo ya mabati mbele, halafu lango ya bluu. Hapo ni kwetu. Uliza Mama Odhiambo."

"Niulize mimi kwa nini? Si ndiko unakoenda?"

"Sitaingia."

"Umekosana nao?"

Akafikiri, kama mtu anayetaka kujibu kwa haki. "Hapana. Hawajanitengenezea mahali."

Nilidhani anasema habari za nyumba. Najua kwao kijana hana raha mpaka awe na kibanda chake katika boma la baba yake, na huyu alikuwa amepita ujana. Nikanyamaza nisimwaibishe.

"Mwambie Mama," akasema, "si mimi nilikuja kuchukua gari."

"Gari gani?"

"Mwambie tu hivyo. Nishushe hapa."

Nikawasha taa ya kuashiria, nikatazama kioo cha pembeni kwa sababu lori lilikuwa linatupita, nikatoka barabarani, nikasimama. Nikageuka kumwambia safari njema.

Kiti kilikuwa tupu. Mlango ulikuwa umefungwa, sikuusikia ukifunguliwa. Na mkanda, Mungu ni shahidi wangu, mkanda ulikuwa bado umefungwa, umelala juu ya kiti kitupu. Nikatazama mbele yangu. Taa ya njano ilikuwa imewaka.

Mtu mwingine angefanya nini? Mimi nilikimbia. Niliendesha hadi Sondu nikiimba wimbo wa kanisani ambao maneno yake yalinipotea. Wateja walishusha magunia huku nimekaa tu, na mmoja akaniuliza kama nina malaria. Nilitaka kulala huko nisipite tena barabara ile. Lakini nilipotulia, hofu ikanipungua, na lililobaki ni ule ujumbe. Mtu mzima aliniomba jambo kwa adabu. Hakunitisha, hakunidhuru, alinifungulia mlango. Ningekaa nalo vipi? Na tena kulikuwa na mama ndani yake, nami ni mama. Nikarudi.

Nilipokata kona kwenye kanisa la mabati na kuingia kwenye lango la bluu, mwanamke mzee alikuwa tayari ametoka jikoni. Alikuwa anakuja mbio, kadiri ya miguu yake, akifuta mikono kwenye leso na kuita watu wa nyumbani.

"Wuoda osebiro," alikuwa akisema. "Wuoda osebiro."

Kidholuo changu ni kibovu lakini hayo niliyaelewa. Mwanangu amekuja. Alikuwa ameusikia ule mngurumo tangu barabarani.

Akaja hadi dirisha la dereva akaniona mimi. Akatabasamu bado, akainama akatazama kiti cha pili. Kisha akaenda dirisha la nyuma akatazama huko. Akazunguka gari lote akitazama kila dirisha, na aliporudi kwangu lile tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni peke yake. Nimefiwa na wazazi, nimefiwa na mume, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia hapo nikiwa nimeshika usukani wa gari la mtoto wake.

"Odhiambo yuko wapi?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Amekutuma?"

Mwanamume akatokea nyuma ya nyumba, kijana kuliko yule wangu lakini uso ni ule ule. Alipoliona gari akasimama. Baadaye nilijua anaitwa Felix, mdogo wake Odhiambo.

"Amenituma, Mama," nikasema. "Amesema nikuambie si yeye aliyekuja kuchukua gari."

Mama alikuwa ananitazama mimi, kisha taratibu akamgeukia Felix.

"Uliniambia alikuja," akasema. "Nikiwa kanisani. Ulisema alikuwa na haraka."

Felix akakaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, mtu mzima.

Nikaelezwa yote jioni hiyo, kwa vipande, na nakupa kwa kifupi. Odhiambo alikuwa akinunua samaki Dunga na kuwauza huku juu. Siku moja aliacha gari ufukweni akapanda mashua na wavuvi kufuata samaki, upepo ukawapindua. Wenzake walipatikana. Yeye hakupatikana. Felix alilirudisha gari nyumbani, na mama akaling'ang'ania. Kila Jumamosi aliliosha. Wazee wa ukoo walipokuja kuzungumzia mazishi aliwaonyesha gari: liko hapa, mwenyewe atalifuata. Felix akafikiri gari likiondoka moyo wa mama utaachilia, basi akalitoa kwa dalali wakati mama yuko ibadani. Lakini mama aliporudi na kuuliza, ulimi ukamgeuka. Akasema Odhiambo alikuja, amelichukua, ameenda kazini.

"Mama alifurahi," Felix aliniambia. "Wewe hujui vile alifurahi. Ningeanza aje kumwambia?"

Mama alikuwa amesikia. "Na chakula?" akauliza. "Namwekea chakula kila jioni. Asubuhi sahani ni tupu."

"Ni mimi, Mama. Nilikuwa naamka mapema nakula, ndio usiulize."

Hapo ndipo mama alipolia. Hakupiga kelele. Alilia kama mtu aliyechoka sana ambaye mwishowe ameruhusiwa kuketi. Wanawake wa boma wakamzunguka, na mimi nikasimama kando, mgeni, sijui niweke mikono wapi. Nilipoaga, akanishika kiganja.

"Alikuwa na njaa?"

"Nilimpa njugu, Mama. Akasema ameshiba."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha, bila kumtazama Felix, akamwambia, "Nenda kwa wazee. Waambie watafute yago."

Sasa hapa lazima nikueleze, maana nami nilielezwa. Yago ni lile tunda refu zito la mvungunya, linaloning'inia mtini kwa kikonyo kama kamba. Kwao, mtu akipotea majini na mwili usionekane, tunda hilo hufungwa kwa shuka na kuzikwa badala yake, kwa heshima zote, ili naye awe na kaburi nyumbani. Kwetu Nyeri tunda ni lile lile, ila sisi tunalijua kwa muratina, pombe ya harusi na ya wazee. Nimekua nikiliona kwenye furaha. Sikujua kuna mahali linalazwa kaburini, na tangu hapo silitazami tena kwa jicho lile la zamani.

Waliniomba gari. Walitaka watoke na tunda kule Dunga, alipoondokea, waite jina lake hapo majini, wamlete kwa njia aliyozoea. Walipokwisha kumwita, mama alikaa mbele na lile tunda mapajani, limefungwa shuka nyeupe, na wazee wawili wakakaa nyuma na Felix. Nilipowasha injini taa ya njano haikuwaka. Sikumwambia mtu. Njia nzima mama alikuwa akilisemesha lile tunda kwa sauti ya chini: hapa ni Ahero, hapa ni Katito, tunakaribia. Mimi nilikuwa naendesha na machozi yananitiririka, nikaendesha kwa uangalifu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Tulipofika nyumbani walimshusha. Nasema walimshusha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wengine wote wakafuata kaburini, nami nikabaki kidogo karibu na mlango nikiogopa kutazama. Nikatazama. Taa ilikuwa bado imezima, na haikurudi.

Iliwaka mara moja tu tangu siku hiyo, karibu na Ahero, na nilipopima tairi la nyuma lilikuwa limeshuka kweli. Msumari. Nikaziba, nikajaza upepo, nikabonyeza kibatani, ikazima kama taa ya gari la mtu yeyote. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kufurahia pancha kama mimi.

Mambo mengine hayakunyooka hivyo. Mama hakuzungumza na Felix kwa muda mrefu. Anamjibu siku hizi, na nasikia wameanza kula pamoja tena. Mimi sikuweza kuliuza gari, ingawa watu wa kanisani walinishauri, na sikuweza pia kuacha kupita kwa yule mama. Lakini nikienda kwake nazima injini kule kanisani, natembea hadi langoni kwa miguu. Anajua mwanawe amezikwa. Alitupa udongo kwa mkono wake mwenyewe, nilimwona. Hata hivyo, siku ya kwanza niliyoingia na gari baada ya mazishi nilimkuta amesimama mlangoni, na leso ilikuwa tayari mkononi.

Kwa hiyo usiniulize kama naamini mizuka. Nakuonya juu ya kitu kingine. Ukinunua gari la mtu, usikubali kuambiwa tu amesafiri. Na kama kwenu kuna mtu anayengoja, na wewe unajua kwamba anayengojwa haji, usimpe uongo wa kumtuliza. Ataula kila siku, na wewe utaamka kila alfajiri kumsafishia sahani. Kaa karibu naye, umshike mkono, umwambie leo.